Kurasa Arobaini za Mzee wa Mwika

Mimi ni fundi cherehani, na nina roho mbaya. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani nitajificha nyuma ya mtu mwingine. Wengi wenye roho mbaya hawajijui. Mimi nilijijua nikiwa msichana wa miaka kumi, siku nilipomwambia mtoto wa jirani mwisho wa hadithi aliyokuwa akisimuliwa na bibi yake kidogo kidogo, kila jioni kipande. Uso wake uliporomoka mbele yangu. Nilifurahi, na furaha ile sijaisahau mpaka leo.

Duka langu liko mtaa wa nyuma ya soko hapa Moshi. Nashona sare za shule, sare za kwaya na magauni ya harusi. Pembeni ya cherehani nina rafu ya riwaya, nyingine nilizirithi kwa marehemu baba, nyingine nimezikusanya mwenyewe kwa miaka thelathini. Kwa sababu ya rafu ile, kila Jumamosi saa tisa alasiri duka liligeuka baraza la wasomaji. Tulikuwa watatu. Mimi, mwalimu mstaafu wa Shirimatunda aliyefundisha Kiswahili sekondari mpaka nywele zikaisha, na binti wa duka la dawa la jirani, anayesoma riwaya za mapenzi kwenye simu huku akihudumia wagonjwa.

Tulipeana vitabu na tulipeana maoni, na maoni yetu hayakuwa na huruma. Mwalimu hakupenda riwaya yoyote inayochekesha. Alituletea vitabu vizito, akavisifu kwa kidole juu kama yuko darasani, na wiki mbili baadaye binti alimrudishia chake akiwa amenuna.

"Mwalimu, watu wote humu wamekufa. Hata mbuzi kafa."

"Ndiyo maisha, binti yangu."

"Maisha gani hayo? Mimi nauza dawa, mwalimu, watu nawaona wanapona."

Mimi nilikuwa mtu wa riwaya za upelelezi na za familia zenye siri. Nilijua kusifu kitabu mpaka mtu atoke na kiu, na nilijua kukiua kitabu cha mwenzangu kwa sentensi moja. Niliwahi kumwambia binti kwamba mpenzi wa kwenye riwaya yake analia kuliko bomba la maji la mtaa wetu. Alicheka, lakini kitabu kile hakukitaja tena.

Na tulikuwa na kanuni, niliyoitunga mimi. Kitabu unakaa nacho Jumamosi mbili. Ukizipitisha hujakirudisha, unakaa kwenye kigoda cha wateja katikati ya duka, na mwenye kitabu anakuambia mwisho wake mbele ya watu wote. Nani muuaji, nani anaolewa, nani anazikwa. Huna ruhusa ya kuondoka mpaka amalize.

Wa kwanza kukaa kigodani alikuwa binti. Nilimtajia muuaji wakati amebakiza sura moja, akanirushia ndala, tukacheka mpaka machozi. Wa pili alikuwa mwalimu. Alisikiliza mikono ikiwa magotini, akasema riwaya haisomwi kwa ajili ya mwisho, akaaga kwa heshima. Jumamosi iliyofuata hakuja. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mimi mwenyewe sikuwahi kukaa kigodani hata mara moja, maana nasoma haraka.

Msomaji wa nne wa baraza letu aliingia kwa mlango wa kwaya. Alikuwa mama wa Mwika, wa miaka sitini hivi, aliyekuja kupimwa sare. Nikiwa nimemzungushia futi kiunoni, yeye macho yake yako kwenye rafu. Akaniuliza kama vitabu vile vinauzwa. Nikamwambia haviuzwi, vinasomwa. Akauliza, "Na mtu wa darasa la saba anaruhusiwa?" Nikasema anaruhusiwa, kwa sauti ile tunayotumia kumruhusu mtu ili ajue kwamba angeweza kukataliwa.

Kila Jumamosi alishusha ndizi zake sokoni asubuhi, na alasiri alikuja kwetu, mikono imeingia weusi wa utomvu. Nilimwekea kitambaa mlangoni afute mikono kabla ya kushika kitabu. Binti alikuwa akila maandazi yenye mafuta na kushika vitabu vilevile, sikumwekea kitambaa. Mama alifuta vidole kimoja kimoja, akakikunja kitambaa vizuri na kukirudisha mahali pake. Sikumbuki aliwahi kulalamika.

Nilidhani atakuwa wa kuchekwa. Jumamosi yake ya tatu alirudisha riwaya niliyokuwa nimeisifu mwezi mzima, ambamo baba mwenye mali anaugua na kutoa siri za ukoo akiwa kitandani. Mwalimu akamuuliza ameionaje. Akafikiri kidogo.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini aliyeiandika hajawahi kuuguza. Mgonjwa wake anaongea mno."

Mwalimu aliinua uso. Miaka sita nimekaa na mwalimu yule, sijawahi kumwona akiniinulia uso namna ile. Alivua miwani, akasema, "Mama, rudia hapo." Akarudia. Mwalimu akaandika kwenye daftari lake. Nilikuwa nimeisoma riwaya ile mara nne na sikuwahi kuliona jambo lile, na lilikuwa kweli. Nikajikuta namchukia mwanamke ambaye hakunikosea chochote.

Tangu siku ile akawa ndiye wa kuulizwa. Binti alimwuliza asome nini. Mwalimu alimletea vitabu ambavyo mimi hakuwahi kuniazima. Naye alijibu polepole, kwa maneno machache ya nyumbani. Huyu mwandishi anaharakisha, hajaacha mtori ukapoa. Huyu anajua mvua. Huyu anawapenda matajiri lakini anaona haya kusema. Nilikaa nyuma ya cherehani yangu nikikanyaga pedeli bila kitambaa.

Ili kujirudishia heshima nikatoa kitabu changu cha moyoni, ambacho nilikuwa sijamwazima mtu. Ni riwaya ya zamani, jalada limechakaa, ya kijana aliyeondoka kwao kwenda kufanya kazi ya reli, na baba yake anayemngoja. Sura baada ya sura mzee yuko mlangoni. Msomaji anakwenda nacho hivyohivyo akijiuliza huyu mtoto atarudi au harudi. Niliinadi vizuri. Binti alinyoosha mkono, mwalimu akanyoosha, lakini mama wa Mwika akasema kwa haya, "Naomba hicho kwanza." Nikampa.

Jumamosi mbili zikapita. Alikuja bila kitabu, akaniita pembeni, karibu na kioo cha kupimia.

"Fundi, niongezee siku. Si mimi ninayesoma. Namsomea mzee."

Ndipo akanieleza. Mumewe alikuwa amepofuka kwa kisukari, na mguu mmoja ulishakatwa. Zamani ndiye aliyekuwa msomaji wa nyumba. Sasa yeye alimsomea kila siku baada ya chakula cha mchana, kurasa mbili tatu, maana mzee alichoka upesi, na akipenda sentensi aliiomba mara mbili. Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, aliyekwenda kutafuta maisha kusini. Kwa Wachagga, Krismasi hata aliye mbali vipi hupanda mlimani kwao. Wa kwao alikuwa na Krismasi saba hajaonekana.

"Mzee amejiwekea neno lake," akasema. "Anasema akirudi yule wa kwenye kitabu, na wetu atarudi. Namwambia hivyo ni vitu vya kitoto. Anacheka. Lakini tangu tukianze amekuwa akila."

Nikamwongezea Jumamosi mbili. Sikuwaambia wenzangu sababu, na wakati ule nilijiambia kwamba ni kwa kumfichia aibu. Uongo. Niliutunza ule udhaifu wake kama mtu anavyotunza kisu.

Jumamosi mbili nazo zikapita. Alipoingia ilikuwa mvua ndogo inanyesha, kitabu amekifunga ndani ya kitenge na kukiweka kifuani. Alifuta mikono, akatusalimu, akamwamkia mwalimu shikamoo. Kisha akatoa jani refu la kijani lililofungwa fundo, akaliweka juu ya meza yangu ya kukatia.

Lilikuwa jani la isale. Wa kwetu tumetoka pande mbalimbali, baba yangu si wa mlima na mama yangu nusu Mpare, na sisi ni Waislamu wa mjini. Lakini ni nani aliyekulia Moshi asiyeijua isale? Ni mmea wa mpaka, unazunguka kila kihamba, yaani shamba la ukoo. Jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, ni ombi la msamaha, na anayeletewa hakatai. Hata koo zilizouana zimesameheana kwa jani lile. Mama wa watu alikuwa amelibeba tangu Mwika kwa ajili ya riwaya moja iliyochelewa.

"Zimebaki kurasa arobaini," akasema. "Nimekosa kanuni, najua. Naomba nisiambiwe."

Ningeweza kuliacha pale mezani. Hakuna aliyenishika mkono. Mwalimu alikuwa ameshaanza kutabasamu kwa heshima ya jani, na tabasamu lile ndilo lililonichoma, kwa sababu nililiona kama ishara nyingine ya kumpenda yeye kuliko mimi. Nikalichukua kwa vidole viwili, nikalitia kwenye kapu la vipande vya nguo.

"Hapa ni kwa fundi, mama. Hatuko kwa wazee wa ukoo."

Binti akasema, "Fundi, achana nayo jamani. Mbona siyo poa hivyo?"

"Wewe ulikaa," nikamwambia. "Na mwalimu alikaa. Au kanuni ni ya watu wa mjini tu?"

"Mzee bado hajafika mwisho," mama akasema.

"Mzee hayupo hapa. Adhabu ni yako, si yake. Wewe utajua, yeye hatajua. Utamsomea kama kawaida."

Nilijiona mwerevu. Hata leo nikilitazama jibu lile, kama jibu, halina tundu. Mwalimu alitazama viatu vyake. Mtu aliyeandika maneno ya mama yule kwenye daftari hakuwa na neno moja la kumtetea, na hilo nalo sijamsamehe.

Akakaa kigodani. Nadhani alikaa kwa adabu, na kwa sababu alipapenda pale kwetu na hakutaka kufukuzwa. Kisha akaziba masikio kwa viganja, macho amefumba, kama mtoto. Binti akacheka kidogo kwa woga. Nilijua mikono ya mtu haikai juu siku nzima, hasa mikono iliyobeba ndizi tangu alfajiri. Nikatia uzi kwenye sindano. Nikangoja. Viwiko vikaanza kutetemeka, vikashuka, na viganja vilipoachia tu nikasema.

"Mtoto harudi. Alikufa huko relini zamani. Anayebisha hodi ni mwenzake wa kazi, amemletea mzee viatu vya marehemu. Mzee anavivaa, vinamtosha. Kitabu kimekwisha."

Nikautazama uso wake kama nilivyoutazama wa yule mtoto wa jirani. Furaha ilikuja, ileile, safari hii ikakaa muda mfupi sana. Yeye aliinuka, akakifunga kitabu ndani ya kitenge.

"Aika," akasema. Asante, kwa lugha yao, kama mtu aliyemaliza kula kwa watu. "Acha nikammalizie."

Mlango ulipofungwa, binti aliniambia nina roho mbaya. Nikamwambia najua.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya pili. Siku chache baadaye mwalimu alikuja dukani siku isiyo yake, akasimama mlangoni bila kuingia, akaniambia mzee wa Mwika amezikwa jana. Nilikuwa nimeshika mkasi. Nikauliza swali la kipumbavu, kama walimaliza kitabu. Mwalimu akasema hajui, na mimi ndiye ninayepaswa kwenda kuuliza.

Jumapili nilipita kwake Shirimatunda. Alinipeleka kwenye ua wake, akakata jani la isale kwa kisu cha jikoni, akanipa nilifunge fundo mwenyewe. Vidole vyangu vinavyotia uzi kwenye sindano bila miwani vilishindwa fundo lile mara mbili.

"La kwake ulilitupa kapuni," akasema. "Nenda ukaone kama yeye ana adabu kuliko wewe."

Nilipanda Mwika peke yangu. Nyumba yao ilikuwa ndani ya migomba na mibuni, ya matofali, na uani wanawake wa ukoo walikuwa wakiosha masufuria makubwa ya msiba. Nilikuwa nimejifunga ushungi, wakajua mimi ni mgeni wa mjini, wakanipisha. Mama alitoka jikoni. Alikuwa amepungua. Nikampa pole, nikapiga goti kidogo, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili.

Alilitazama muda mrefu mpaka wale wanawake wakaacha kuosha. Kisha akalipokea.

"Isale haikataliwi," akasema. "Nimekusamehe. Njoo."

Tukaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ambako huku mlimani watu huzika wa kwao. Udongo ulikuwa bado mbichi, mashada yameanza kusinyaa. Njiani alinieleza, kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza bei ya ndizi. Jumapili ile baada ya mwisho nilioutoa mimi, alikaa na mzee, akafungua kitabu, akasoma. Hakufika mbali. Mzee alimshika mkono, akamwambia, "Acha. Umeshajua. Na mimi nimeshajua." Mama alimwapia kwamba hajui kitu. Mzee akasema miaka arobaini amemsikia akisema uongo mara tatu tu, na hii ndiyo ya tatu. Akageukia ukutani. Chakula akawa anakirudisha.

"Sisemi umemuua," akasema. "Sukari ndiyo iliyomuua, na daktari alishatuambia siku zake ni chache. Wewe ulichukua zile siku kumi na moja za mwisho tu."

Nikauliza kuhusu mtoto wao.

"Alikuja. Kuna mtu alimpigia simu. Alikuja kuzika, akalala siku mbili." Akainama kuondoa jani kavu la mgomba juu ya kaburi. "Mzee alikuwa amesema kweli kwamba wetu atarudi. Ni kitabu kilichomdanganya."

Alirudi ndani, akatoka na kigoda, akakiweka kando ya kaburi, akaniambia nikae. Kisha akanipa kitabu changu. Jani langu la isale alikuwa ameshaliweka ndani kuwa alama.

"Hapo ndipo tulipokuwa wakati naja kwako na la kwangu. Zimebaki arobaini. Msomee."

"Mama, mimi..."

"Isale nimeipokea. Soma."

Nikafungua. Wale wanawake walikuwa wamesogea, wamesimama kati ya mibuni, mikono ina majivu. Nilisoma ukurasa wa kwanza vizuri, maana najua kusoma, nimesoma kwa sauti mbele ya watu maisha yangu yote. Nikasoma wa pili. Yeye alikuwa ameketi chini upande wa pili wa kaburi, viganja vyake juu ya magoti.

Kwenye ukurasa wa tatu kuna jirani anayepita nyumbani kwa mzee kuomba moto. Ni sentensi ya kupita, nilikuwa nimeisoma zaidi ya mara kumi bila kuiona. Jirani anamwambia mzee, mwanao atakuja tu kabla ya mvua. Nilifika hapo, na sauti yangu ikashuka. Haikukatika. Ilishuka kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo, na neno la mwisho likatoka dogo kuliko mengine.

"Umesikia?" akasema.

Niliinua macho.

"Mzee aliisikia yangu hapohapo," akasema. "Endelea."